Kisanduku Kwenye Jina la Bibi

Meli ya mizigo kutoka Auckland ilifunga gatini alfajiri, na kufikia saa tatu asubuhi bandari ya Nukuʻalofa, mji mkuu wa Tonga, ilikuwa imefurika watu kama uwanja wa harusi ya mkubwa. Walikuja kuchukua mapipa waliyotumiwa na ndugu zao wa ng'ambo: mapipa ya mchele, ya nguo, ya sabuni, ya nyama ya makopo. Magari ya kunyanyulia mizigo yalipiga honi, akina mama wakaitana kwa majina, na harufu ya dizeli ikachanganyika na ya mandazi ya moto.

Katikati ya zogo hilo alisimama ʻEseta. Alivaa gauni jeusi linalofika vifundoni, kiunoni kajifunga mkeka wa matanga, mpana na uliochanikachanika pembeni, maana bado alikuwa kwenye msiba wa mwaka. Nusu ya kisiwa walimjua kwa sauti kabla ya sura, kwani yeye ndiye aliyesoma matangazo ya jioni redioni. Ilikuwa sauti laini, ya kumbembeleza hata mwenye deni. Siku hiyo haikuwa hivyo.

"Nani kafanya hivi? Nakuuliza wewe, nani kafanya hivi?"

Karani wa bandari alirudi nyuma hatua moja. "Dada, mimi napokea mizigo tu. Sichongi mawe."

Mbele yao lilikuwapo sanduku la mbao lililobanduliwa mfuniko. Ndani, juu ya kitanda cha majani makavu, kulikuwa na jiwe la kaburi ambalo ʻEseta aliliagiza Auckland kwa simu, jeusi tititi, linang'aa kama maji ya kisima. Jina lilichongwa kwa herufi za dhahabu, na likasomeka hivi:

□ANA KAUFO□OU

ʻAna Kaufoʻou ndiye bibi aliyemlea ʻEseta tangu mama yake alipohamia Sydney na kusahau njia ya kurudi. Kile kialama kinachokaa juu ya mstari, kinachofanana na kile cha neno "ng'ombe" katika Kiswahili ila kimepinduliwa kichwa chini, Watonga hukiita fakauʻa, nacho kwao ni herufi kamili kama herufi nyingine yoyote. Ni pale koo linapojibana kidogo, sauti ikakatika, kisha likaachia. Ukiitupa, neno hugeuka: ʻanga ni papa, anga ni tabia. Sasa mahali pa herufi hizo mbili palichongwa visanduku viwili vitupu, kwa patasi, kwa dhahabu, kwa umilele wote.

"Dada," sauti ya kiume ilisema nyuma yake, "ukiendelea kumfokea huyu karani atajiuzulu leo leo, na mimi bado sijatoa mapipa yangu."

ʻEseta aligeuka kama mtu aliyechomwa na mwiba. Kijana mwenyewe alikuwa mrefu, mweusi wa jua, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na tupenu ya kijivu, ile nguo ya kiume inayofungwa kama kikoi. Alikuwa na vidole virefu vyenye madoa ya rangi.

"Na wewe ni nani?"

"Feʻao." Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha tiketi ya ndege na kumwonyesha. "Ila nikiwa safarini naitwa hivi."

Tiketi ilisema FE□AO.

ʻEseta hakutaka kucheka. Alijitahidi kwelikweli. Lakini kicheko kilimponyoka puani kama chafya, na aibu ikamshika, kwa kuwa alikuwa amesimama mbele ya jiwe la bibi yake.

"Fe-kisanduku-ao," alisema.

"Ndiyo mimi. Mtukufu wa ukoo wa visanduku." Kisha uso wake ukabadilika, akainama kulitazama jiwe, na hakutania tena. Alipitisha kidole kwenye kile kisanduku cha kwanza, taratibu, kama anayegusa kidonda cha mtu. "Pole sana, dada. Hii si haki. Hii si haki hata kidogo."

Katika watu wote waliolichungulia jiwe lile asubuhi ile, wa kwanza kusema hivyo alikuwa yeye.

*

Jiwe lilifika nyumbani kwa gari la mjomba wake Feʻao, likiwa limelazwa kati ya mapipa. Mlangoni alisubiri Shangazi Lesieli, binti mkubwa wa marehemu, mwanamke mnene mwenye macho madogo yasiyopitwa na kitu, ambaye neno lake halikuwa na wa kulipinga katika ukoo. Alilitazama jiwe kwa muda mrefu.

"Mama yangu alizaliwa ana jina," alisema mwishowe. "Hakuzaliwa ana madirisha."

"Shangazi, nitawaandikia wale watu…"

"Waandikie. Lakini jiwe hili halikanyagi kaburi la mama yangu."

Likaegemezwa ukutani, uso ukaelekea ukuta, likafunikwa mkeka. Sherehe ya kulifunua, ambayo ndugu walikwisha kuiandalia nguruwe na viazi vikuu, ikaahirishwa. Jirani mmoja asiye na haya akauliza kama marehemu alikuwa fundi wa fremu. ʻEseta alimjibu jibu ambalo haliwezi kusomwa redioni.

Kampuni iliyochonga jiwe ilijibu upesi, kwa mistari michache. ʻEseta aliisoma kwenye simu yake akiwa na Feʻao, ambaye sasa alikuwa amepata sababu ya kupita pale kila siku: leo amesahau kamba, kesho amekuja kurudisha nyundo.

"Sikiliza wanavyoanza," alisema. "'Mpendwa kisanduku-Eseta.' Mimi! Nimewaandikia kulalamikia kisanduku, wananirudishia kisanduku!"

"Endelea."

"'Tumechonga kama maneno yalivyotufikia. Katika miaka yetu yote hakuna mteja wa visiwani aliyewahi kulalamika.'" Aliinua macho yaliyojaa machozi ya hasira. "Hakuna aliyelalamika! Wateja wao wamelala chini ya yale mawe, walalamike vipi?"

Feʻao alikuwa mchora mabango huko Auckland. Alichora majina ya maduka, ya makanisa, ya mabasi, na herufi alizijua kama mchungaji anavyojua kondoo wake. Alikuja Tonga kwa harusi ya binamu yake, na sasa harusi imekwisha, bwana harusi ameshaanza kugombana na mkewe, yeye bado yupo. Jioni moja walikaa kwenye ukuta wa bahari wakinywa ʻotai, tikiti lililopondwa pamoja na nazi, na ʻEseta akamwuliza swali lililokuwa likimkereketa.

"Niambie polepole, kama unamwambia mtoto. Niliandika jina la bibi sawasawa. Nililiona kwa macho yangu. Liligeuka wapi?"

"Njiani halikugeuka." Feʻao aliweka kikombe chini. "Kila herufi duniani imepewa namba yake. Ukiandika, simu haitumi umbo la herufi, inatuma namba. Kule inakofika, mashine inafungua kabati lake inatafuta picha ya namba ile. Ikiipata, inaichora. Ikiikosa, haina adabu ya kusema 'samahani, sina'. Inachora kisanduku kitupu, basi."

"Na yule mchongaji akakiona kisanduku, akachonga kisanduku."

"Huyo, ungepiga chafya kwenye simu, angeichonga."

ʻEseta alicheka, kisha akakunja uso tena. "Kwa hiyo kile kisanduku si herufi."

"Hapo ndipo penye mtego. Kuna mraba ambao ni herufi halali, una namba yake mwenyewe. Watu wanautumia kwenye hesabu, kwenye karatasi za kutia tiki. Mtu yeyote anaweza kuuandika akitaka. Tazama." Alibonyeza simu yake, mraba mdogo ukatokea, nadhifu, pembe nne. "Huu umeandikwa makusudi. Ule wa jiweni ni pengo tu, limevaa sare ya mraba. Ukiwasimamisha pamoja ni mapacha, huwezi kuwatenganisha kwa macho. Mpaka uangalie namba iliyo chini yake."

"Na hiyo fakauʻa yetu, ina namba?"

"Tena ya miaka mingi."

"Kama namba ipo, kwa nini makabati yao hayana picha?"

"Kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuichora."

ʻEseta aliitazama bahari, taya limekaza. "Yaani tumeandikishwa shule lakini hatukupewa dawati."

Feʻao alimtazama yeye badala ya bahari. Upepo ulikuwa unacheza na ncha za mkeka wake wa matanga, na ule ukali wa uso wake ulimpendeza kuliko tabasamu la wanawake wote aliowahi kuwaona. "ʻEseta."

"Nini?"

"Unajua jina la huu mji lina fakauʻa?"

"Nani asiyejua?"

"Na watu husema maana yake ni makao ya upendo. Mimi nimeishi Auckland miaka mingi nikidhani wanajisifu tu."

"Wewe mwongo," alisema ʻEseta, lakini hakuuondoa mkono wake ulipoguswa.

*

Likizo ilipokwisha Feʻao alirudi kazini, na mapenzi yakahamia kwenye simu. Simu ya ʻEseta ilikuwa kuukuu, kioo kimepasuka pembeni, ikipata moto kama pasi kila alipozungumza zaidi ya robo saa. Feʻao alitaka kumtumia mpya, akakataliwa. Ndani ya ile kuukuu mlikuwa na sauti za bibi: ujumbe mfupimfupi wa kumwambia anunue chumvi, arudi mapema, avae sweta. ʻEseta alihofu zingepotea katika kuhamishwa.

"Habari za asubuhi, mke wa watu," Feʻao alimwamsha kila siku.

"Mke wa nani? Hakuna mtu aliyeleta hata kuku hapa nyumbani."

"Nguruwe ananenepeshwa."

"Mnenepeshe haraka, Shangazi ana hamu ya nyama."

Siku moja alipiga mchana, sauti imekauka. Alikuwa ametoka kwenye ile kampuni ya mawe. Alikwenda mwenyewe, amevaa taʻovala, mkeka wa heshima kiunoni, kama anakwenda kumwona chifu.

"Nilikutana na meneja, anaitwa Gavin. Nikamwambia, 'Bwana, ulidhani kuna mzazi aliyempa mtoto wake jina la Mraba?' Akaniambia labda ni urembo wa kwenu."

"Urembo!"

"Eti ameona vitambaa vyetu vina maumbo ya mraba na pembetatu, akadhani ndiyo utamaduni. Nikamwomba afungue ule ujumbe wako aangalie namba iliyo chini ya kisanduku. Akasema yeye kazi yake ni mawe, namba hazimhusu. Akanipa kahawa."

"Ukainywa?"

"Niliiacha ipoe mbele yake."

"Afadhali." ʻEseta alivuta pumzi. "Hakuona hata aibu?"

"Hata chembe, mpenzi wangu. Hiyo ndiyo imeniuma. Ningemwona ameona aibu, ningelala usingizi."

Jioni ile ʻEseta aliingia studio akiwa na jambo moyoni. Alisoma matangazo ya vifo kama kawaida, kila jina na pumziko lake, kila fakauʻa mahali pake. Kisha, badala ya kukaribisha hali ya hewa, akasema, "Ndugu wasikilizaji, nina bibi ambaye jina lake limeibwa." Akasimulia yote, bila kuitaja kampuni, kwa ile sauti laini ambayo sasa ilikuwa na makali ndani yake kama wembe ndani ya pamba.

Mkuu wa kituo aligonga kioo. "ʻEseta! Hapa ni vifo na hali ya hewa!"

"Hiki nacho ni kifo, mkuu."

Simu zikaanza kulia. Mama mmoja wa visiwa vya Haʻapai alisema jina la mwanawe kwenye kadi ya kliniki lina kisanduku tumboni. Mchezaji wa raga alisema alivaa kisanduku mgongoni msimu mzima, na mashabiki wakadhani ni namba. Mchungaji mstaafu alisema bamba la shaba alilozawadiwa na kanisa kwa utumishi wake, lenye kisanduku kwenye jina lake, limo kabatini tangu siku alipopewa, maana anaona haya kulitundika. Wote walikuwa wamenyamaza wakidhani ni wao peke yao. Mkuu wa kituo aliacha kugonga kioo, akavuta kiti, akakaa kusikiliza.

Habari zikavuka bahari, na ile kampuni ikaandika tena. Safari hii hawakumwita mpendwa chochote. Walimpa ʻEseta punguzo la bei kwa jiwe lijalo.

"Jiwe lijalo la nani?" Shangazi Lesieli alifoka. "Wananihesabia mimi?"

*

Mwaka wa kifo cha bibi ulitimia siku ya Alhamisi. ʻEseta aliamka mapema, akaenda kaburini na Shangazi, wakapanga upya vile vijiwe vyeusi na mchanga mweupe wa matumbawe juu ya tuta, wakaimba. Kaburi lilikuwa bado halina jiwe. Hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Alihisi kama ameahidi kitu kwa mtu asiyeweza kudai.

Alipokuwa anaondoka, simu ilitetemeka. Feʻao alikuwa ameandika:

Leo umetimia mwaka. Namkumbuka ʻAna Kaufoʻou pamoja nawe, mpenzi wangu. □

Aliusoma mara ya kwanza akatabasamu. Aliusoma mara ya pili, tabasamu likafa.

Fakauʻa zilikuwapo, zote mbili, zimekaa vizuri kwenye jina la bibi. Kwa hiyo mashine haikukosa kitu. Kile kisanduku cha mwisho hakikuziba pengo la herufi yoyote. Kiliandikwa. Mtu yeyote anaweza kuuandika akitaka, yeye mwenyewe alisema, akamwonyesha pale ukutani kwa vidole vyake. Fe-kisanduku-ao. Mcheshi. Mtani wa kila kitu.

Utani, siku hii, kwenye jina hili.

Damu ilimpanda kichwani mpaka masikio yakavuma. Aliandika mstari mmoja: "Umemfanyia bibi yangu mzaha siku ya kumbukumbu yake. Usinipigie tena." Akautuma, akaifunga namba ya Feʻao isiingie, akatembea mpaka kazini kwa miguu akilia hadharani bila kujifuta.

Feʻao alipiga simu ya kituo. ʻEseta akamwambia mwenzake aseme yuko hewani. Alipiga tena kesho yake, yuko hewani. Alipiga Jumapili, siku ambayo Tonga nzima imelala au iko kanisani. Mlinzi akamwambia yuko hewani. Redio ilikuwa imezimwa.

Wiki ikapita, nyingine ikaingia. ʻEseta alisoma matangazo bila kosa hata moja na akirudi nyumbani aliacha chakula sahanini. Hasira yake aliilinda kama mtu anavyolinda moto kwenye upepo, kwa sababu alijua ikizimika kitakachobaki ni kumkosa tu.

Shangazi Lesieli alivumilia, mpaka uvumilivu ukamwisha. "Yule kijana wa mapipa yuko wapi?"

"Simtaki."

"Sikukuuliza kama unamtaka. Mbona hapigi tena hapa kunisalimia?"

"Alimtukana bibi."

Shangazi aliweka kisu chini. Alikuwa anamenya viazi. "Alisema nini?"

"Siwezi hata kulitamka. Soma mwenyewe." ʻEseta alichukua simu yake, akautuma ule ujumbe kwenye simu ya Shangazi, ambayo wanawe wa Sydney walimletea Krismasi, mpya, pana kama kibao cha kukatia nyama.

Shangazi alivaa miwani, akasoma, midomo ikitembea. Akasoma tena. "Liko wapi hilo tusi?"

"Hapo mwisho!"

"Mwisho pana moyo."

"Moyo gani?"

"Moyo, mtoto wewe! Moyo wa rangi ya waridi. Mzuri tu."

"Shangazi, hicho ni kisanduku."

"Mimi ni mzee, si kipofu. Njoo utazame."

ʻEseta alisogea. Kwenye kioo kile kikubwa, mbele ya macho yake, pembeni ya jina la bibi, ulikuwapo moyo mdogo wa waridi. Aliiweka simu yake ya kioo kilichopasuka kando ya ile nyingine. Ujumbe ulikuwa uleule, wa mtu yuleyule, na maneno hayakutofautiana hata nukta. Huku moyo, huku kisanduku.

Akakaa sakafuni kati ya maganda ya viazi.

"Moyo mpya," alisema polepole. "Wameutoa juzijuzi. Simu yangu ya zamani haina picha yake."

"Kwa hiyo kijana hana kosa."

"Hana." Kisha, katikati ya aibu, hasira nyingine ikazaliwa, kubwa kuliko ya kwanza, na safari hii ilijua pa kwenda. "Shangazi! Huu moyo una miaka mingapi? Haujamaliza hata miwili, na tayari upo kwenye simu za dunia nzima! Wameukimbilia kuuchora, wameupaka na rangi! Na herufi yetu? Bibi ameandika jina lake maisha yake yote, amezaliwa nalo, amezikwa nalo, na mpaka leo mtu anachonga tundu mahali pake! Wanajua kuchora moyo. Wanaweza! Hawakutaka tu!"

"Piga kelele hizo baada ya kumpigia simu kijana," Shangazi alisema, akarudi kwenye viazi vyake.

Aibu ilimzuia ʻEseta mpaka kesho yake asubuhi, ndipo akaifungua namba, akapiga. Haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana. "Basi sasa na yeye kanifungia! Haki yake."

Shangazi alikuwa anamenya viazi vingine, na kwa mtu aliyemfahamu, utulivu wake ulikuwa na harufu ya siri.

*

Feʻao hakuwa amefunga namba. Alikuwa angani. Adhuhuri ileile teksi ilisimama mbele ya nyumba, akashuka akiwa na begi moja na sanduku la chuma lililomwinamisha bega. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa na mikunjo, ndevu hazijanyolewa, na macho yalikuwa ya mtu ambaye hajui kama anakaribishwa au anafukuzwa.

ʻEseta alisimama kizingitini. "Nani alikwambia uje?"

"Shangazi yako. Alinipigia jana, tena kwa kunifokea. Alisema moyo hutumwa na mwenye moyo, si na simu, na kama sina nauli aniambie."

"Kwa hiyo unajua."

"Najua."

"Wewe mtu wa herufi!" Sauti ilimpanda bila kutaka. "Wewe uliyenifundisha kabati, na namba, na mapacha! Hukuwaza simu yangu kuukuu itaona nini?"

"Sikuwaza," alisema. "Niliona moyo. Nikadhani nawe unaona moyo."

"Gavin naye hakuwaza!"

Neno lile lilimpiga Feʻao usoni. ʻEseta mwenyewe alishusha macho, kwa kuwa lilikuwa kweli na lilikuwa katili, na kweli ikifuatana na ukatili humwacha hata msemaji na ladha mbaya mdomoni.

"Ni sawa," Feʻao alisema mwishowe. "Nastahili. Tofauti yangu na Gavin ni kwamba mimi nimekuja."

ʻEseta alishuka ngazi. "Na mimi nilipaswa kukuuliza. Swali moja tu. Nilikuhukumu kabla sijakuuliza. Nisamehe, Feʻao."

"Nilikusamehe nikiwa bado sijui nimekosa nini."

Sanduku la chuma lilikuwa na patasi, nyundo ndogo, na karatasi alizochora mwenyewe herufi za jina la bibi, kwa ukubwa wa kweli. Wakalitoa jiwe chini ya mkeka, wakaligeuza. Mgongo wake ulikuwa laini, haujaguswa na chuma. Feʻao alisema wanaweza kuichonga sura mpya upande ule, na ile ya visanduku wakaisaga ipotee.

"Isisagwe," alisema Shangazi.

"Lakini, mama…" Feʻao alianza.

"Jina la mama yangu litatazama kanisa. Vile visanduku vitatazama barabara. Nataka kila apitaye aulize, na kila aulizaye aambiwe."

Kazi ilichukua siku kadhaa. Feʻao alichonga, ʻEseta akamwagia maji patasi isipate moto, vumbi jeusi likawaingia wote wawili kwenye kope na meno. Wakati fulani alimwachia nyundo. Fakauʻa ya kwanza aliichonga ʻEseta mwenyewe, kialama kidogo chenye kichwa cha mviringo na mkia uliopinda, na alipopuliza vumbi na kuiona imekaa pale, ndani ya jiwe, aliigusa kwa ncha ya kidole.

Siku ya kulifunua jiwe, ukoo mzima ulikuja, na nusu ya wale waliopiga simu redioni. Mchungaji mstaafu alikuja na ile zawadi yake ya shaba chini ya kwapa, akamwuliza Feʻao kama shaba nayo ina mgongo. Walikula, wakaimba, wakalia. ʻEseta alivua nguo nyeusi, akavaa gauni la manjano na kiekie mpya kiunoni, mshipi wa sherehe wa kusukwa, nyuzi zake zikicheza magotini kila alipotembea.

Watu walipoanza kutawanyika, Feʻao alimfuata nyuma ya nyumba, alikokuwa anasuuza sahani.

"Nilikuwa nimeandika maneno," alisema, akitoa simu. "Marefu kidogo."

"Irudishe mfukoni."

Akairudisha. Alikunja mikono, akaikunjua, na yule mtani wa bandarini akakosa pa kuweka macho. "Nguruwe amenona, ʻEseta. Mama yangu amemaliza kusuka mikeka. Wajomba wangu wako tayari kuja kuketi mbele ya Shangazi yako na kutukanwa kwa heshima zote. Lakini kabla ya wao, nataka kukuuliza mimi. Utakubali niwe mumeo?"

ʻEseta alijifuta mikono kwenye gauni jipya bila kujali. "Mtoto wetu wa kwanza atapewa jina lenye fakauʻa mbili."

"Tatu."

"Na hati yake ya kuzaliwa ikitoka na kisanduku?"

"Tutalala mlangoni mwa ofisi mpaka waiandike upya. Mimi nitabeba godoro. Lakini hujanijibu, mpenzi wangu."

"Nikuandikie?"

"Usithubutu."

ʻEseta alimkaribia mpaka akasikia pumzi yake. Kwa Kitonga neno la kukubali ni fupi, na huanzia kooni, pale sauti inapozuiwa kidogo kabla ya kuachiwa. Aliizuia kidogo zaidi ya inavyohitajika, akimtazama anavyoteseka, kisha akaiachia.

"ʻIo."